Transfoma Isiyoweza Kusingiziwa

Nianze na sifa zangu, ili tukizimaliza tufanye kazi. Mimi ni mtoto wa mbeba magunia ya kahawa. Nilisoma kwa mwanga wa chemli, nikajifunza hesabu za umeme kwa masomo ya posta, nikaenda Ujerumani Mashariki nikiwa na sweta moja, nikarudi Moshi na diploma, suti mbili na mita ya kupimia umeme yenye mfuko wa ngozi. Diploma hiyo iko ukutani kwangu mpaka leo, ndani ya kioo. Mgeni akiingia huiona kabla hajaniona mimi, na ndivyo nilivyokusudia nilipokuwa napigilia msumari.

Kila kazi niliyoifanya niliiandikia kadi yenye mistari mitatu: Hitilafu, Chanzo, Tiba. Kadi hizo zimejaa masanduku ya sabuni chini ya kitanda changu. Fundi anayeacha mstari wa katikati wazi, nilikuwa nikiwaambia wenzangu, huyo si fundi, ni mpita njia aliyebahatika. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, mara nyingi, kukiwa na watu.

Sasa ninyi vijana mnakuja hapa na vitabu vyenu mnaniuliza transfoma inachaguliwaje. Mwanafunzi akiulizwa hivyo hujibu kwa volti, akadhani amemaliza. Anza na kile kitakachokula umeme huo. Chukua kichwa cha treni ndogo ya mezani, ile yenye urefu wa kiganja. Kinataka volti kumi na mbili za umeme unaokwenda upande mmoja, na kikitembea hula kama nusu ampea. Mvivu ataleta transfoma ya nusu ampea. Je, kikipanda mlima na mabehewa sita? Je, kikikwama? Chagua yenye uwezo mara tatu ya njaa yake, kisha uweke kitu cha kuizuia isiutoe uwezo wote kwa mpigo. Hilo nililisoma kwa diploma, baadaye nikalisoma tena kwa aibu, na mara ya pili ndipo liliponiingia.

Mzee Rajabu hakuhitaji kulisoma mara mbili. Huyu alikuwa fundi wa Moshi mjini, mtu wa kofia ya kushonwa kwa mkono, aliyenipokea kazini kabla sijaenda Ulaya. Hakujua kusoma, lakini transfoma alikuwa akiinusa kabla ya kuigusa. "Hii imelia," alikuwa akisema, na ukiifungua unakuta kweli varnishi ya ndani imeungua. Kipimo chake cha pili kilikuwa kiganja. Iache ifanye kazi nusu saa, weka kiganja juu yake, hesabu. Ukifika kumi bila kuondoa mkono, ni mali. Ukiondoa mkono kwenye nne, ni moto unaosubiri nyumba. Niliporudi na diploma nikamweleza kwa nini kipimo chake ni sahihi, kwa hesabu za joto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, miaka minne yote hiyo walikuwa wanakuthibitishia mkono wangu?"

Yeye ndiye aliyemleta kwangu Mzee Aminieli, au tuseme ndiye aliyemkwepa akamwelekeza kwangu.

Ilikuwa mwezi wa sita, ile miezi yetu ya rasharasha na baridi, mlima haujaonekana kwa wiki mbili. Mzee mrefu aliingia kwenye karakana yangu nyuma ya soko, amevaa koti la reli lililochujuka, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Diploma?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema unajisifu sana."

"Wanasema kweli, Mzee. Una kazi gani?"

Alifungua gazeti juu ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha treni, cheusi, kidogo, kizuri mpaka nikatamani kukinunua. Alinieleza kwamba alikuwa dereva wa treni, amestaafu, anaishi kihambani kwake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, huko Mwika. Mhandisi mmoja Mzungu, wakati anarudi kwao baada ya Uhuru, alimwachia sanduku zima: reli, mabehewa, daraja la chuma. Transfoma ya sanduku hilo ilikuwa imeungua zamani, hivyo yeye alikuwa akiunga betri nane za tochi.

"Nataka transfoma," alisema.

"Ya volti ngapi?"

"Volti ni kazi yako. Mimi nataka transfoma isiyoweza kusingiziwa."

Nilicheka. Nikamwambia transfoma zangu hazijawahi kusingiziwa na mtu yeyote mwenye akili. Yeye hakucheka. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mtu yule hakuwa anacheka kabisa, na kwamba wachekaji aliwaangalia kama mtu anavyomwangalia aliyeshika kisu vibaya.

"Mzee Rajabu amekataa," aliongeza. "Ameinusa hii injini, akanirudishia. Akasema hajui inanuka nini."

Fundi mwenye busara naye angeikataa. Lakini mimi nilikuwa na diploma.

Jumamosi ile nilipanda basi la Mwika. Nyumba yake ilikuwa karibu na barabara, kwa hiyo nguzo za umeme zilikuwa zimemfikia, bahati ambayo majirani wengi walikuwa hawajaipata. Treni ilikuwa kwenye stoo ya kahawa. Alikuwa ameondoa magunia yote akajenga meza ya hatua sita kwa tatu, na juu yake reli iliyozunguka yote, yenye vilima vya udongo, stesheni mbili za mbao, daraja, na vichaka vya mkonge vilivyotengenezwa kwa nyuzi za mkonge wenyewe. Ilikuwa kipande cha njia ya Tanga, alichokiendesha kwa miaka mingi. Nilimwambia ukweli, kwamba hata Ulaya sikuona iliyo nzuri zaidi. Hakushukuru.

Upande wa dirishani reli ilikata kona kali. Hapo niliona mambo mawili ambayo niliyadhani mapambo. Udongo wa mahali pale haukuwa mweusi wa Mwika, ulikuwa mwekundu wa tambarare, kiasi cha konzi moja, umetandazwa chini ya reli. Na pembeni yake lilisimama jani la isale, lililochomekwa kwenye kopo la maji.

Nje ya dirisha ulipita mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na ng'ambo yake mama mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe katikati ya migomba. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka mabegani mwake. Alinyanyua uso, akatutazama dirishani, akaendelea kukata. Hawakusalimiana. Nyumba na nyumba, maji ya mfongo mmoja, na hawakusalimiana.

Mzee Aminieli aliunga betri zake. Treni ikaondoka stesheni, ikavuka daraja, ikaingia konani, ikasimama. Aliisukuma kwa kidole, ikaendelea. Ikazunguka, ikafika konani, ikasimama.

"Hapo hapo kila mara?"

"Kila mara."

Nilifurahi sana, vijana. Hitilafu ile naifahamu nikiwa usingizini. Waya za umeme umeziunga upande mmoja wa meza, umeme unatembea kwenye reli mpaka upande wa mbali, unachoka njiani, na kona inaikaza treni wakati umeme umeshachoka. Nilitoa hotuba nzima pale stoo. Dawa yake ni kupeleka waya wa pili, mnene, chini ya meza mpaka upande wa mbali, na kuweka transfoma yenye nguvu. Nilipeleka waya. Transfoma niliitoa kwenye redio ya zamani niliyokuja nayo kwenye kikapu. Treni ikavuka daraja, ikasimama konani.

"Hii imetolewa redioni," nilisema. "Ni ndogo."

"Kwa hiyo inaweza kusingiziwa," alisema Mzee Aminieli.

"Ngoja wiki ijayo."

Wiki iliyofuata nilifanya kosa ambalo ninyi msilifanye, na ndiyo sababu nawasimulia. Nilichukua chaja ya betri za magari kutoka gereji ya rafiki yangu. Ampea kumi! Nilitaka kumwonyesha mzee nguvu ni nini. Chaja ya gereji husema volti kumi na mbili, lakini ikiwa haina betri ya kuituliza hutoa zaidi, na haina kizuizi zaidi ya fyuzi nene kama kidole cha mtoto. Treni iliruka kutoka stesheni kama swala. Ilivuka daraja, ikafika konani ikiwa na kasi ambayo reli haikuweza kuishika, ikapinduka. Ikipinduka hivyo, magurudumu ya chuma huziunganisha reli mbili, na ampea zote kumi hupita kwenye waya mwembamba kama unywele ulio ndani ya kile kichwa. Moshi ulitoka kwenye bomba lake la moshi. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka, maana ndivyo treni inavyopaswa kufanya. Nilichomoa plagi, lakini harufu ilikuwa imeshajaa stoo.

Nilikiokota kile kichwa. Kilikuwa kimeangukia juu ya ule udongo mwekundu, ubavu mmoja, magurudumu juu.

Mzee Aminieli alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sasa umeniua, Diploma," alisema taratibu. "Hakuna kingine nchi hii."

Ndipo aliponieleza, amekaa juu ya gunia tupu, mlango umefungwa.

Miaka kumi na miwili kabla ya siku ile, asubuhi ya ukungu, alikuwa akishuka na treni ya mizigo. Konani, mbele yake, walikuwa vibarua wa njia wakikaza mataruma. Watatu waliruka. Wa nne alikuwa ameinama. Huyo alikuwa Elisafi, jirani yake wa Mwika, mtu waliyechimba naye mfongo, mume wa yule mama niliyemwona ng'ambo, Mama Manka. Uchunguzi ulifanyika. Uliandika kwamba chanzo ni ukungu.

"Na ulikuwa ukungu?" niliuliza.

"Ukungu ulikuwepo," alijibu. "Kuna jambo lingine. Huyo mama ndiye wa kwanza wa kuambiwa. Siwezi kukuambia wewe kabla yake."

Wakati ule alirudi Mwika na konzi ya udongo wa mahali pale ndani ya leso, ili ndugu wa marehemu wauzike kihambani, kusudi mtu wao asibaki njiani. Pamoja na udongo alibeba isale. Ninyi mliozaliwa huku mnajua, na ambao hamkuzaliwa huku niwaeleze: mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, unalipokea. Hata kama amekuulia baba, unalipokea. Hakuna anayelikataa, kwa sababu wanasema asiyelipokea anajifungia njia yeye na uzao wake.

Mama Manka alilikataa. Alisimama uani mbele ya ukoo mzima akasema, "Rudi na jani lako na udongo wako. Siku treni yako itakaposimama pale, ndipo nitakapolipokea." Wazee walimsihi. Akina mama walilia. Hakubadili neno. Tangu hapo binti yake Manka alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na watu walikuwa wakisema kimya kimya ni kwa nini.

"Udongo sikujua niuweke wapi," alisema Mzee Aminieli. "Kwangu hauwezi kuzikwa, si mtu wangu. Kuutupa siwezi. Nilipojenga hii meza nikauweka mahali pake. Na siku nilipouweka, treni ikaanza kusimama."

Nilikitazama kile kichwa mkononi mwangu.

"Kabla ya hapo ilikuwa inapita?"

"Ilikuwa inapita. Sasa nimwite mama wa watu, nimwambie njoo uone inasimama? Atasema ni betri. Watu watasema ni betri. Mimi mwenyewe nasema ni betri. Walisingizia ukungu nikanyamaza, Diploma. Sitaki tena kitu cha kusingizia."

Nilirudi Moshi na kile kichwa ndani ya mfuko wa mita yangu. Nilichukua spika za masikioni za simu mbovu, nikafungua koili zake, nikapata waya mwembamba uliolingana. Kuusuka upya moyo wa ile mota kulinichukua siku tisa, kwa kioo cha kukuzia na kibano cha nyusi cha mke wangu, ambacho hakijarudi kuwa kibano cha nyusi mpaka leo. Hakuna fundi mwingine kutoka Same mpaka Bomang'ombe ambaye angeweza. Hilo si jigambo, niliwauliza wote.

Kisha nikasuka transfoma.

Waya wa shaba mwaka ule haukuwepo madukani, kama vile sukari na sabuni hazikuwepo. Niliutoa kwenye mota zilizokufa, nikaunyoosha, nikaupaka varnishi upya. Nilizungusha koili kwa kanyagio la baiskeli, nikihesabu kila mzunguko kwa sauti, na mtu akinisalimia nilianza upya. Nisikilizeni hapa. Umeme wa Mwika ulikuwa unashuka saa za kupika na kupanda watu wakilala, kwa hiyo koili ya kuingilia niliitolea ncha tatu, ili niweze kuchagua kulingana na umeme uliofika. Koili ya kutokea niliitenganisha kabisa na ya kuingilia, kila moja upande wake, karatasi na varnishi katikati, ili umeme wa nyumba usiweze kamwe kufika kwenye reli ambazo mtu anagusa kwa vidole. Baada yake rektifaya, ile inayonyoosha umeme uende upande mmoja. Halafu swichi ya kuzungusha ya kuongeza na kupunguza mwendo. Na mwisho kabisa, mbele ya reli, nikaweka taa moja ya gari. Hiyo ndiyo hila nzuri kuliko zote nitakazowaachia. Umeme wote lazima upite ndani ya taa. Treni ikitembea vizuri, taa inabaki giza. Reli zikigusana, taa inawaka, inakula ule umeme wote yenyewe, na hakuna kinachoungua.

Juu ya boksi nikafunga mita mbili, ya volti na ya ampea. Hizo pamoja na taa ndio mashahidi wangu watatu. Umeme ukikatika, mshale wa volti unaanguka. Reli zikigusana, taa inasema. Mota ikikwama, ampea zinapanda. Treni ile isingeweza kusimama bila mmoja wao kutoa habari.

Mzee Rajabu aliiwekea kiganja baada ya nusu saa. Alihesabu mpaka kumi, akaendelea mpaka thelathini, akiniangalia. "Hii ni safi," alisema. "Sasa usiipeleke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mpaka sasa ulikuwa na transfoma mbovu za kukulinda."

Nilidhani anaona wivu.

Jumapili iliyofuata nilifika Mwika baada ya ibada. Nilifuta reli zote kwa spiriti na kitambaa cheupe, mzunguko mzima, mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Niliipima reli iliyo juu ya ule udongo, maana nilikuwa nimeshajiandaa kusema kwamba udongo wenye unyevu unavujisha umeme. Uliokuwa ukivuja ulikuwa mdogo mno, usingesimamisha hata nzi. Nikaiwasha.

Treni ilivuka daraja, ikaingia konani, ikapita.

Nilipiga kelele ya furaha. Ikazunguka mara ya pili, ikapita. Mara ya tano, ya kumi. Volti kumi na mbili, nusu ampea, taa giza. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya! Niligeuka nikamwona Mzee Aminieli amekaa kwenye gunia, uso wake umekuwa wa majivu.

"Kwa hiyo ilikuwa betri," alisema.

Nilikuwa nimemtengenezea alichokitaka, na nilikuwa nimemnyang'anya kule kusimama alikokusubiri. Nje tulisikia hatua kwenye majani yaliyolowa.

"Amekuja," alisema. "Jana nilimtuma mchungaji akamwite. Mwambie arudi. Mwambie imeharibika."

Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mama Manka aliingia peke yake, mwanamke mfupi mwenye kanga ya kichwani iliyolowa. Ukungu uliingia naye, mwingi, ukakaa juu ya sakafu.

Nilimwamkia. Aliitika bila kunitazama. Alikuwa akiitazama meza: stesheni, daraja, vichaka, kona. Aliitambua. Hakuwahi kufika pale mahali, lakini aliitambua, mkono wake ukaenda mdomoni.

"Ndiyo hapo?"

"Ndiyo hapo," alisema Mzee Aminieli. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Mama Manka, walisema ni ukungu. Ukungu ulikuwepo. Lakini ningemwona. Mchochea moto wangu alisema neno la kuchekesha nikageuka, nikacheka. Pumzi mbili tu. Nilipotazama mbele tena, alikuwa ameshainama."

Rasharasha ilisikika juu ya bati.

"Neno gani?" aliuliza Mama Manka.

"Lipi?"

"Hilo la kuchekesha."

"Silikumbuki."

"Hata kulikumbuka hulikumbuki."

"Hapana, mama."

Mama Manka aligeuka akaitazama kona. Kisha akasema, "Endesha treni yako."

Nilinyoosha mkono kwenye swichi. Nakiri mbele yenu, nilikuwa nimekusudia kuizungusha kidogo kidogo kuelekea sifuri, ikikaribia kona, nimsaidie yule mzee. Mama Manka alisema bila kugeuka, "Ukishaiwasha, kijana, weka mikono yako nyuma."

Niliiwasha. Nikaweka mikono nyuma.

Ilitoka stesheni. Ilizunguka mara moja, ikapita konani. Mzee Aminieli alifumba macho. Ikazunguka mara ya pili, ikavuka daraja, na hapo nikaona jambo nisilowahi kuliona kabla wala baada yake.

Treni ndogo haina uzito. Ukiikatia umeme inasimama papo hapo, ndani ya upana wa vidole viwili, kama imegonga ukuta. Hii ilianza kupunguza mwendo. Ilianza mbali, mkono mzima kabla ya kona, ikawa inapungua taratibu, nzito, mabehewa yakisukumana nyuma yake moja baada ya jingine, kama treni ya kweli yenye tani zake inapofungwa breki na dereva aliyeona mapema. Nilitazama mashahidi wangu. Volti kumi na mbili, mshale umetulia kama umepakwa gundi. Taa giza. Mshale wa ampea ulikuwa unashuka polepole, pamoja na treni, mpaka sifuri.

Ilisimama kabla ya udongo mwekundu, kwa upana wa kiganja. Umeme ulikuwa chini ya magurudumu yake na haikuuchukua.

Mama Manka aliinama akaangalia ile nafasi iliyobaki kati ya treni na udongo. Alipitisha mkono wake pale, taratibu, kama mtu anayepima kama kitanda kimepoa.

"Wewe mwenye diploma," alisema, "ni chombo chako kimekufa?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimesubiri kuulizwa swali la namna hiyo mbele ya watu. "Kizima, mama," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Umeme upo."

Mama Manka alichomoa isale kwenye kopo. Hakungoja kupewa. Mzee Aminieli alipiga magoti, naye akamshika bega, wakakaa hivyo, na mimi nikatazama dirishani ambako hapakuonekana kitu, wala mfongo wala migomba. Kisha alitandaza pindo la kanga yake ukingoni mwa meza akaanza kuuzoa ule udongo kwa viganja, chembe kwa chembe, chini ya reli, pembeni ya reli, mpaka mbao ikawa tupu.

Alipofunga fundo, mshale wa ampea ulipanda. Treni ikaondoka yenyewe, ikapita kona, ikaendelea kuelekea stesheni.

Mama Manka alivuka mfongo na udongo wake bila kutazama nyuma. Jioni ile waliuzika kihambani kwao, na mwaka uliofuata Manka alipata mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima na amewahi kuniletea pasi nimtengenezee. Treni haikusimama tena pale. Niliijaribu miaka yote mpaka Mzee Aminieli alipofariki, na transfoma ile iko hapa mezani kwangu, bado kiganja kinahesabu mpaka thelathini.

Usiku ule nilipofika nyumbani nilitoa kadi. Hitilafu: treni husimama konani. Tiba: udongo umeondolewa. Kisha nikafika mstari wa katikati. Niliandika "Vumbi kwenye reli." Volti zipo, ampea hakuna, fundi yeyote atawaambia ni vumbi. Nilikitazama kile kitambaa cheupe mfukoni mwangu. Nikakumbuka kuna watu walioandika "ukungu" kwenye mstari kama huo, na mtu aliyenyamaza miaka kumi na miwili.

Nikachukua kifutio, nikayafuta maneno hayo. Kadi hiyo ninayo, mkitaka nitawaonyesha. Mkiiinua kwenye mwanga mtaona bado alama ya kalamu ya risasi, lakini mstari wenyewe uko wazi.